Alama 200 za Braid: ni chache mno?

SWALI: Nimepata tuzo zote 12 za Braid, gemu ya mafumbo, kwenye Xbox 360, lakini jumla ni alama 200 tu za Gamerscore (alama ambazo Xbox humpa mchezaji kwa kila tuzo), ilhali gemu nyingine hutoa 1,000. Je, ni gemu duni? Na nyota zilizofichwa zinaongeza alama?

JIBU: Si duni hata kidogo. Braid ilipotoka mwaka 2008, Microsoft iliziwekea gemu ndogo za kupakua kikomo cha alama 200, na za diski 1,000. Kwa hiyo alama hizo hazipimi ubora. Kuimaliza gemu nzima chini ya dakika 45, ambayo ni mojawapo ya tuzo 12 ulizopata, ni kazi kubwa kuliko tuzo nyingi za gemu kubwa, ambazo baadhi yake hutolewa kwa kupita tu hatua ya kwanza!

Nyota ziko 8, na hazina alama hata moja. Ya Dunia ya 2 (gemu imegawanywa katika sehemu ziitwazo Dunia) inadai ulingoje wingu liendalo polepole kwa takriban saa 2. Ya Dunia ya 3 ndiyo inayowaliza wengi: vipande vya picha huunda sehemu ya nyota, na ukishaikamilisha picha, havisogei tena. Dawa ni kuanza gemu upya.