Nishani ya mzee haimo kwenye hati ya kustaafu: je, kiapo kinatosha?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yangu alijiunga na JWTZ mwaka 1975, akapangiwa Nachingwea, akaenda vita vya Kagera, na mwaka 1994 alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda Liberia. Alistaafu akiwa sajenti. Kwenye hati yake ya kustaafu, sehemu ya nishani, imeandikwa ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema peke yake. Ya Kagera haimo, ingawa anasema alivalishwa, ikapotea nyumba ya udongo ilipoanguka kwa mvua. Ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Liberia nayo haimo. Kuna mtu hapa Masasi anataka laki tatu atutengenezee hati ya kiapo na "fomu ya Makao Makuu". Hati halisi ya mzee ameshaichukua. Anasema rekodi ikikaa sawa mzee atalipwa malimbikizo ya pesa za Uganda. Tuendelee naye? (Binti wa mstaafu, Masasi)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msiendelee naye. Tena kabla hujamaliza kusoma hapa, mtume kaka yako akaifuate hiyo hati. Aende na mjumbe au mtendaji wa kijiji, asikubali kuambiwa "njoo kesho". Hati halisi ya kustaafu haiachwi kwa mtu. Mnakwenda nayo kwenye kopi, mnasimama hapohapo inatolewa, mnarudi nayo nyumbani.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa karani wa kumbukumbu jeshini, na tangu nirudi Mtwara swali hili linanifuata sokoni, msikitini, hadi kwenye matanga. Msimu wa korosho ndipo linapozidi, maana vishoka, hao matapeli wa kati kama huyo wenu, wanazijua tarehe za malipo ya mnada kuliko wakulima wenyewe.

Kinachonikera kuliko vyote ni hicho kiapo. Sijui nani alianza kuwaambia wazee wa Kusini kwamba ukiapa mbele ya wakili, ukagongewa muhuri, rekodi ya jeshi inabadilika. Kamishna wa viapo anathibitisha kwamba baba yako alifika mbele yake akaapa. Hathibitishi kwamba baba yako alikuwa Mutukula, kule mpakani na Uganda. Karatasi iliyoandikwa Masasi mwaka huu haiwezi kusahihisha daftari lililoandikwa vitani mwaka 1979. Karani atakayefungua faili anatafuta karatasi ya wakati ule: amri ya kikosi iliyotangaza waliotunukiwa, orodha iliyosainiwa na kamanda, kadi ya utumishi, au cheti kilichotolewa pamoja na nishani. Akiikuta, kazi imekwisha hata kama hukuleta kiapo. Asipoikuta, hata ukimletea viapo kumi atavipanga vizuri ndani ya jalada na kukuandikia kwamba kumbukumbu hazikuonekana.

Kwa hiyo kumbukumbu za mzee zina kazi kubwa, lakini ni kazi ya kuonyesha karatasi iko wapi. Haziwezi kukaa mahali pa karatasi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na kishoka anafaidi hapohapo.

Sasa tuliangalie faili lenyewe. Nishani ikikosekana kwenye hati, lazima kwanza ujue imekosekanaje. Inawezekana mtu alitunukiwa kweli, ila aliyejaza hati hakuihamisha kutoka kwenye orodha. Hilo ni kosa la kalamu na linarekebishwa. Inawezekana alistahili lakini hakuwahi kutunukiwa, labda siku ya gwaride alikuwa hospitali au kozini. Hapo huombi masahihisho, unaomba kutunukiwa, na nishani za nchi hii hutunukiwa na Rais ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, au Mkuu wa Majeshi kwa niaba yake. Hakuna karani mwenye mamlaka ya kukuongezea kwa kalamu yake. Na inawezekana hakustahili kabisa. Barua nyingi ninazoletewa zimechanganya mambo haya yote kwenye aya moja, kisha watu wanashangaa kwa nini jibu halieleweki.

Ya Kagera, kwa maelezo yako, ni ya kundi la kwanza. Alivalishwa, kwa hiyo mahali fulani kuna orodha yenye namba yake. Swali ni orodha ya kikosi gani. Hilo muulize mzee kwa utulivu, jioni, akiwa ameshakula, na msimkatize.

Wasiokuwepo hawajui jeshi lilivyovimba kati ya Novemba 1978 na Aprili 1979. Mgambo waliitwa, askari polisi na magereza waliingizwa, vijana wa JKT waliingizwa, na jeshi la watu wasiofika elfu arobaini likapita laki moja kwa miezi michache. Brigedi ziliundwa na kupangwa upya njiani. Askari aliondoka Nachingwea na kikosi kimoja, akavuka mpaka Mutukula na kingine, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yuko na cha tatu. Orodha za nishani ziliandikwa na kikosi alichokuwa nacho siku ile, wakati faili lake limelala kwenye kikosi mama. Ndiyo maana ukiandika "nilikuwa Nachingwea" wanatafuta Nachingwea na hawaoni kitu. Mwulize alikuwa brigedi gani: 201, 205, 206, 207, 208? Nani alikuwa kamanda wa kombania? Huko Uganda alipita Masaka, alikuwa Lukaya, aliingia Entebbe? Na alivalishwa wapi, na nani, kabla au baada ya kurudi nchini? Kila jibu linapunguza marundo ya kupekua.

Halafu namba. Jeshini jina lako ni pambo, mtu ni namba, ile inayoanza na MT. Nimewahi kuishika kadi ya mzee mmoja wa huku Newala, kadi ngumu ya rangi ya kahawia, pembe zimeliwa na mende, wino wa bluu umefifia kuwa kijivu. Namba yake ilikuwa na saba mbili. Aliyeandika orodha ya nishani aliandika saba bila mkato katikati, na aliyenakili akaisoma moja. Nishani ya mzee yule ilikaa miaka yote kwenye jalada la mtu mwingine kabisa, ambaye nadhani hakuwahi kujiuliza imetoka wapi. Hakuna kiapo ambacho kingeligundua hilo. Liligundulika kwa sababu mzee alitaja kikosi, orodha ikaletwa, ikawekwa kando ya kadi.

Na majina, jamani. Sisi watu wa Kusini tuna tabu na majina. Mtoto anaitwa jina moja, anatoka jandoni na jingine, anaandikishwa jeshini kwa lile alilotaja siku ile, anahiji anaongeza, na kitambulisho cha NIDA kinakuja na mpangilio wake. Kwenye barua andikeni majina yote aliyowahi kutumia, na lile la siku ya kuandikishwa liwe la kwanza. Kama lililoko NIDA limetofautiana sana na la jeshini, hapo hati ya kisheria ya majina ina maana. Kiapo kinapata kazi hapo, na ni kazi ndogo.

Ya Liberia nitakukatisha tamaa. Watu wengi wanaamini kwamba kila aliyevuka mpaka kulinda amani anastahili nishani ya Umoja wa Mataifa. Sivyo. Kule Liberia kulikuwa na vitu viwili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na UNOMIL, waangalizi wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa Septemba 1993, na kulikuwa na ECOMOG, jeshi la jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Batalioni yetu iliyokwenda 1994 ikarudi 1995 ilikwenda kuongeza nguvu ECOMOG. Kama mzee alikuwa kwenye batalioni ile, hakuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na kukosekana kwa nishani yao kwenye hati si kosa. Msiliandike kabisa kwenye barua ya Kagera. Dai moja bovu linamfanya msomaji alitilie shaka na lile zuri.

Vijana waliokwenda Darfur chini ya UNAMID au Kongo chini ya MONUSCO, misheni za Umoja wa Mataifa zenyewe, habari yao ni nyingine. Huko kuna kanuni ya siku 90 mfululizo, kila misheni ina utepe wa rangi zake, na kikosi ndicho kinachopeleka majina na kuvalishwa hukohuko. Kwao pa kuanzia ni tarehe za kuingia na kutoka kwenye misheni, siyo cheti cha ushiriki kilichopigwa fremu sebuleni.

Pesa za Uganda. Uganda ilikuwa na deni la vita kwa Tanzania na ilikwisha kulilipa. Lilikuwa deni la serikali kwa serikali. Hakuna sanduku la malimbikizo linalosubiri askari mmoja mmoja aonyeshe nishani. Pensheni ya mzee inakokotolewa kwa mshahara na muda wa utumishi, na nishani haimo kwenye hesabu hiyo. Kama anaitaka rekodi yake iwe sawa kwa sababu ni haki yake na wajukuu wajue, ni sababu tosha na nitamsaidia. Kama mnaitaka kwa sababu ya pesa, okoeni laki tatu zenu mnunulie salfa ya mikorosho.

Barua yenyewe ni fupi. Aiandike au aisaini mzee mwenyewe, maana yu hai. Mtoto hadai kwa niaba ya aliye hai bila idhini yake ya maandishi. Iende Makao Makuu ya Jeshi, kwa Mkuu wa Utumishi Jeshini. Kama hamjui pa kuipitisha, ofisi ya mshauri wa mgambo wilayani itawaelekeza, na hawalipishi. Iwe na namba, cheo, majina, mwaka wa kuingia na wa kustaafu, vikosi kwa mfuatano wa miaka, na ombi moja tu: kwamba nishani ya Kagera aliyovalishwa mahali fulani, akiwa na kikosi fulani, iingizwe kwenye rekodi yake. Ambatanisheni kopi ya hati. Mkipata wenzake wawili waliovalishwa gwaride lilelile, wataje kwa namba zao, kwa sharti kwamba rekodi zao wenyewe zina nishani hiyo, kwa kuwa karani atazifuata hizo namba hadi kwenye orodha. Shahidi ambaye naye nishani hiyo haimo kwenye hati yake hasaidii. Mtakuwa wawili mnaolalamika.

Na ile iliyopotea kwenye kifusi ni ombi jingine. Kuingizwa kwenye rekodi kwanza, kupewa nyingine badala ya iliyopotea baadaye, pamoja na taarifa ya polisi ya upotevu.

Nimeona pia siku hizi kuna wanaowauzia wazee nishani za kutengenezwa, na riboni, na hata vyeti. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mzee anaweza kujikuta amesimama Naliendele, kwenye makaburi ya wenzetu waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji, ana kifuani chuma alichouziwa na tapeli, na kushoto kwake amesimama mtu anayejua fika kwamba hakuwepo. Aibu ile haifutiki kwa barua. Na anayeapa uongo kwenye hati ya kiapo ametenda kosa la jinai. Kishoka hayumo kwenye hiyo karatasi. Jina ni la mzee, saini ni ya mzee, na polisi wakija watamfuata mzee.

Wajukuu wa waliokuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, nao wananiletea nishani za nyota za vita vya pili vya dunia zilizotoka kwenye sanduku la bibi. JWTZ lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Halina la kusahihisha kwenye nishani za Mfalme wa Uingereza. Hizo zina ofisi yake katika Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na kwa mtu anayestahili ambaye hakuwahi kupewa haitozwi ada. Halafu zile nyota Waingereza walizitoa bila kuchonga majina, kwa hiyo kuwa nayo sandukuni hakuthibitishi ilikuwa ya nani. Anayewaambia alipwe "ya ubalozi" ni mwenzake huyo wa Masasi.

La mwisho ni subira, na hapa familia nyingi zinajiharibia zenyewe. Jibu linachelewa. Likichelewa, msiandike barua mpya yenye maelezo mapya wala msimpe mtu mwingine aanzishe ombi lake. Nimeona majalada yenye barua tatu za mtu mmoja, kila moja ina brigedi yake na tarehe yake ya kuvalishwa, kwa sababu ziliandikwa na vishoka watatu. Jalada la namna hiyo karani analiweka pembeni, na mimi ningeliweka pembeni. Kumbusheni kwa barua ya mistari mitatu inayotaja tarehe ya barua ya kwanza na namba ya kumbukumbu kama mmeshapewa, na nyuma yake bandikeni kopi ya barua ileile ya mwanzo.