Nimetubu mara nyingi, mbona bado sina hakika ya wokovu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Niliokoka kwenye mkutano wa injili pale Furahisha, lakini kila mhubiri akiita watu mbele, naenda tena kuongozwa sala ya toba. Majuzi nilijaza gunia dagaa wenye mchanga chini, wazuri nikawaweka juu, mteja akalibeba hivyo hivyo. Tangu hapo silali. 1 Yohana 3:9 inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Ina maana sikuokoka? Na jirani yangu Mkatoliki anasema kutamka "nimeokoka" ni majivuno.

JIBU: Amina, dada yangu. Kuokoka ni jambo moja, kuwa na hakika kwamba umeokoka ni jambo lingine. Walioandika Ungamo la Westminster, tamko la imani la Waprotestanti, kule Uingereza miaka ya 1640 walilisema waziwazi: mwamini wa kweli anaweza kuhangaika muda mrefu kabla hajaipata hakika hiyo. Kwa hiyo shaka peke yake haithibitishi kwamba hukuokoka.

Sasa mstari unaokutisha. Usiusome peke yake. Waraka wote una sura tano, unamalizika kwa kikao kimoja. Yohana huyo huyo, 1:8, anasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Na 2:19 anataja watu waliotoka kanisani; ukifuatilia hoja zake unaona anapambana na waliojiita watu wa Mungu huku wakiwachukia ndugu zao na dhambi haiwasumbui. 3:9 inamkamata mtu wa namna hiyo, aliyefanya dhambi kuwa maisha yake. Kwa aliyeanguka ameandika 2:1: "Na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki."

Sisemi kwamba kukosa usingizi kunaokoa. Yuda naye alijuta. Petro alilia kwa uchungu, ila yeye alirudi kwa Bwana, na huko ndiko nataka uende na lile gunia.

Kuhusu kupita mbele kila mkutano, hapa nina uchungu, maana nawaona wengi. Watu huitwa mbele, kisha hakuna anayewafundisha kesho yake. Matokeo yake mtu anaanza kuipima sala yake: nililia vya kutosha? nilimaanisha kweli? Sala ya toba haikufa msalabani, dada yangu. Yesu anasema juu ya kondoo zake, "wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu" (Yohana 10:28). Ukitaka hakika, tazama mkono wake. Mkutano ujao kaa kwenye nafasi yako, usikilize neno.

Jirani yako usimbeze. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua, kwa hakika ya imani isiyoweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu. Hofu yake ina mizizi hapo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alifundisha kwamba unaweza kujua leo kuwa umesamehewa, ila kuanguka bado kunawezekana. Mimi nasimama kwenye 1 Yohana 5:13: ameandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele". Ningekuwa najivuna kama wokovu ungetoka mfukoni mwangu.

Limebaki gunia. Mpigie mteja leo, mwambie ulichofanya, umbadilishie au umrudishie hela. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini angalia mpangilio wa Luka 19: Yesu alikuwa ameshajialika kwake kabla ahadi hiyo haijatamkwa. Kurudisha hakukununulii kitu mbinguni. Mteja anadai dagaa zake, basi. Akikufokea, vumilia, umlipe. Na kama namba yake huna, muulize mpagazi aliyembebea. Pale Mwaloni wapagazi wanawajua wateja wao.