Paka wa Kalighat mwenye kamba mdomoni

Kuna picha za Kalighat, mtaa wa Kolkata huko India, zenye paka aliyebeba kamba (yule wa majini, jamii ya uduvi) mdomoni, na mtu anaweza kudhani ni paka mtakatifu. Hapana, huyo paka si mtakatifu, ni kejeli. Alama kwenye paji lake ni ya waumini wa Vishnu, mungu wa Kihindu, na walioshika dini sawasawa hawali samaki wala nyama, ilhali yeye kabana kamba mzima mdomoni. Wachoraji wa Kalighat, Kolkata, karne ya 19, waliwasema hivyo watawa wanafiki. Wazo lenyewe ni la kale mno: katika mchongo mkubwa wa mwambani kule Mahabalipuram, kusini mwa India, karne ya 7, paka kasimama kwa miguu ya nyuma, kainua mikono kama mtawa, panya wamemzunguka. Kazi safi sana ile. Ila si kila paka wa India anasutwa: Shashthi, mungu wa kike anayelinda watoto, huchorwa amempanda paka.