Barua kwa mwanangu: nabii akisema kweli, bado umpime

Kimara, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, na tumemshukuru Mungu kusikia kwamba mjukuu wetu amepata nafuu ya kifua. Ujumbe wako niliusoma, nikaurudia, nikaona swali lako ni zito mno kujibiwa kwa simu ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa utulivu.

Uliniambia kwamba katika huduma unayosali sasa huko Mbezi, nabii alikuita mbele ya watu wote, akasema una mtoto anayebanwa na kifua usiku, akaeleza kuwa shida hiyo imetumwa na mwanamke mzee wa upande wa mumeo, kisha akakutaka upande mbegu, yaani utoe sadaka, ya shilingi laki tano ili kifungo kikatwe. Ukaniuliza: “Mama, kama alichosema kuhusu mtoto ni kweli, nitawezaje kusema kwamba mafundisho yake ni ya uongo?”

Alijuaje habari za mtoto, hilo sitalijadili, kwa sababu hata tukikubali kwamba hakuambiwa na mwanadamu yeyote, bado swali lako halijajibiwa. Fungua Kumbukumbu la Torati. Sura ya 18 inasema kwamba neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena, na hapo ndipo wengi wetu huishia, tukadhani kwamba likitimia basi mambo yamekwisha. Lakini sura ya 13 ilikwisha kutuonya mapema: akizuka nabii akatoa ishara, na ishara ile ikatukia kama alivyosema, kisha akawavuta watu waifuate miungu mingine, wasimsikilize, kwa maana Bwana anawajaribu ajue kama wanampenda. Soma taratibu hapo, mwanangu. Musa hasemi kwamba ishara ilikuwa ya kughushi. Anasema ilitokea, na bado nabii yule ni wa uongo.

Jambo hilo hilo lilitokea tena Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Kijakazi mwenye pepo wa uaguzi aliwafuata Paulo na wenzake siku nyingi akipaza sauti kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaohubiri njia ya wokovu. Maneno yake yalikuwa kweli tupu, ila Paulo alimkemea pepo akatoka, na Biblia haikusahau kutaja kwamba uaguzi ule uliwapatia mabwana zake faida nyingi. Kwa hiyo usijiulize tu kama alichokuambia ni kweli. Jiulize ukweli ule ulitumika kukupeleka wapi.

Najua utanijibu kwamba nabii wenu hawaambii mfuate miungu mingine, na kwamba jina la Yesu analitaja tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho. Paulo aliliona hilo pia, ndiyo maana aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu ajaye na kuhubiri “Yesu mwingine”. Mungu mwingine si lazima aje na jina jingine. Anaweza kuja na jina lile lile, nyimbo zile zile, hata machozi yale yale, lakini ukimwangalia tabia yake ukakuta ni mungu asiyemtazama mtoto anayekohoa mpaka kwanza fedha itumwe kwenye namba iliyoandikwa ukutani nyuma ya madhabahu. Na unaposikia watu wanaomba kwa “Mungu wa baba yetu wa kiroho”, ujue tayari mtu amesimamishwa mahali ambapo anapaswa kusimama Kristo peke yake, aliye mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu.

Katika suala la fedha Maandiko yana ukali ambao siku hizi unapunguzwa sana. Naamani alipoponywa ukoma wake alimsihi Elisha apokee zawadi, naye akakataa kabisa, ila mtumishi wake Gehazi alilikimbilia gari njiani akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Uponyaji ule ulikuwa wa kweli, wala Naamani hakulalamika kwamba ametapeliwa. Kosa lilikuwa kugeuza rehema ya Mungu kuwa kitu chenye bei. Simoni wa Samaria naye alipotaka kuwapa mitume fedha ili apate uwezo wa kuwawekea watu mikono, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Na Bwana mwenyewe, alipowatuma wanafunzi kuponya wagonjwa, aliwaagiza: “Mmepata bure, toeni bure.”

Simaanishi kwamba mhubiri asile. Paulo anafundisha wazi kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na sisi tangu ukiwa mdogo ulituona tukitoa sadaka na ahadi usharikani. Lakini kumtunza mtumishi ni jambo moja, na kuuziwa maombi ni jambo jingine. Wala usidhani ninasema haya kuyasimanga makanisa mapya, kwa sababu kanzu na kengele hazijawahi kuwa kinga. Ario, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, alikuwa padri huko Aleksandria, tena mtu wa kuheshimika, mpaka maaskofu wakalazimika kukutana Nikea mwaka 325 na kuyakataa mafundisho yake. Sisi Walutheri tunakumbuka mwaka 1517, wakati Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, alipopinga uuzaji wa vyeti vya rehema, yaani hati zilizouzwa kwa ahadi ya kupunguziwa adhabu ya dhambi, na ni haki kuongeza kwamba baadaye Kanisa Katoliki lenyewe lilipiga marufuku biashara hiyo. Kila kanisa, la zamani na la jana, hujaribiwa mahali hapo.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo mimi huliangalia kuliko yote. Mafundisho ya uongo mara nyingi hayaongezi kitu kwenye Biblia, hukata. Katika Mathayo sura ya 4, Shetani anamnukulia Yesu Zaburi ya 91, kwamba malaika wataagizwa wamchukue mikononi, lakini anaruka maneno “wakulinde katika njia zako zote”, na anaishia kabla ya mstari unaosema nyoka na joka watakanyagwa. Karibu mwaka 144 kulikuwa na mtu Roma, Marcion, aliyelitupa Agano la Kale lote akabaki na Injili ya Luka iliyopunguzwa na barua kumi za Paulo, akasema huo ndio Ukristo safi. Na ulinitumia video ya mahubiri ya Jumapili ile, nikaisikiliza hadi mwisho. Mhubiri alisoma Marko 10:30 juu ya aliyeacha vyote kwa ajili ya Injili kwamba atapewa mara mia, akazitaja nyumba, akayataja mashamba, watu wakashangilia, naye akafunga Biblia. Fungua ya kwako uone kinachofuata baada ya neno “mashamba”. Kimeandikwa “pamoja na udhia”, yaani mateso. Bwana aliahidi vyote viwili katika pumzi moja, na mtu anayekupa kimoja akakuficha cha pili hajakuhubiria ahadi ya Yesu, hata kama kila neno alilolisoma limo katika Biblia.

Kwa hiyo jizoeze kusoma mstari uliotangulia na unaofuata, na ujiulize maneno yale aliambiwa nani na kwa sababu gani. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa moyo mkunjufu, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Luka aliyeandika habari hiyo hakuwaita wakaidi, aliwaita waungwana. Ikiwa mtume Paulo alichunguzwa, hakuna mhubiri wa Dar es Salaam aliye mkubwa kiasi cha kutochunguzwa.

Uliniambia kwamba ukihoji unaambiwa “msiwaguse masihi wangu”, yaani watiwa mafuta wangu. Maneno hayo yamo katika Zaburi ya 105, na yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na kwao, ambapo Mungu aliwakemea wafalme wasiwaonee. Ni neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, nalo limegeuzwa kuwa ngome ya mwenye nguvu dhidi ya mwanamke mwenye swali. Daudi alikataa kumwua Sauli kwa kuwa alikuwa masihi wa Bwana, lakini siku ile ile alimwita kwa sauti mbele ya askari akamweleza ubaya wake. Nathani alimkemea Daudi, ambaye naye alitiwa mafuta. Paulo alishindana na Petro uso kwa uso huko Antiokia. Mwalimu anayekutisha kwa laana kwa sababu umeuliza ameshakupa jibu kuhusu yeye mwenyewe.

Lililoniumiza zaidi katika ujumbe wako, hata kuliko zile laki tano, ni habari ya huyo mwanamke mzee. Hakutajwa jina, lakini wewe na mimi tunajua ni nani pekee anayeweza kufikiriwa. Mama mkwe wako ndiye aliyetoka Korogwe na kuku wawili na unga wa uji ulipojifungua, akakukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni hadi ulipomaliza arobaini, na usiku akambeba mtoto ili wewe upate usingizi. Leo umeniandikia kwamba hupokei simu zake. Hilo ni tunda, mwanangu, na Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye akawajibu: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Walitaka mtu wa kulaumiwa, Yesu hakuwapa, akamponya yule mtu. Nchi yetu inajua maneno ya namna hii huishia wapi, kwa maana Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu tu mtu mmoja alinong’ona kwamba mama fulani ndiye anayeroga.

Ninasema kwa uchungu kwa sababu mafundisho si maneno matupu. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwemo. Hakuna aliyeanzia huko. Walianza kwa kuambiwa wasiulize.

Hata hivyo sitaki utoke upande huu ukaangukie upande wa pili, ukadharau kila anayeombea wagonjwa. Yakobo katika waraka wake ameagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, na mchungaji wetu hufanya hivyo, hakuna foleni ya wenye fedha wala chupa yenye picha yake. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Mungu anaponya. Amemponya hata baba yako, na wewe unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Lakini yeye tunayemhubiri alitoa damu yake bure, wala hakubakiza deni la laki tano la kumaliziwa na wewe.

Fedha hizo najua ni ada ya mtoto ya muhula ujao. Usizitoe. Yesu aliwakemea waliosema “Korbani”, waliotoa kwa Mungu kile walichopaswa kuwatunzia wazazi wao, akasema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao, na sioni kwa nini haki ya mtoto iwe ndogo kuliko haki ya mzazi. Dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali aendelee nayo kama daktari alivyoelekeza, hata kama wiki hii hajabanwa. Jumapili, ukipata ujasiri, mwombe nabii au mmoja wa wasaidizi wake nafasi, umwulize kwa heshima Marko 10:30 inamalizikaje na kwa nini maombi ya mtoto yana kiasi. Akikaa nawe na Biblia wazi akakujibu, niambie alichosema, nami nitakisikiliza kwa haki. Akikufukuza au akikutishia, chukua mkoba wako uje Kimara, ibada ya pili huanza saa nne.

Lakini kabla ya Jumapili mpigie mama mkwe wako. Msalimie, mjulie hali ya goti lake, mpe mjukuu wake aongee naye. Usimweleze yaliyosemwa; hayamfai mtu yeyote.

Nakuombea kila usiku.

Mimi mama yako.