Re: Modeli ya uonevu shuleni inapatia asilimia 99, nimekosea wapi?

Habari ndugu. Unatabiri nani anaonewa shuleni kwa data za GSHS, ule utafiti wa WHO wa afya ya wanafunzi, na modeli yako, yaani programu inayojifunza kutabiri kutoka kwenye data, inapatia asilimia 99. Usishangilie bado. Kwanza angalia kama umeliacha ndani swali la “ulionewa zaidi kwa njia gani”. Lina chaguo la “sikuonewa siku 30 zilizopita”, yaani umeshaipa modeli jibu mkononi! Mimi lilinilia wiki nzima. Litoe, fundisha upya. Yangu ilishuka hadi 70 na kitu, ndipo upweke na kupigana vikapanda juu kwenye orodha ya vitu vinavyosaidia kutabiri. Ila usiandike kwamba upweke unasababisha uonevu: wanafunzi waliulizwa mara moja tu, huenda mtoto ni mpweke kwa sababu anaonewa.