Uliza Fundi: Tairi kwanza, springi baadaye

Barua nyingi za safari hii zinahusu kuinua gari la 4x4 kidogo na kulivalisha tairi kubwa. Tumechagua zile zinazogusa makosa yanayojirudia.

SWALI: Fundi, gari langu lina tairi za kiwandani 265/70R16, na ekseli ya nyuma ni nzima, yaani mhimili mmoja mgumu unaounganisha magurudumu mawili. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inagonga mawe yaliyo katikati ya njia. Nimeshauriwa nifunge springi za kuinua milimita 50 na nibaki na tairi zilezile ili kipima mwendo kisidanganye. Je, difu itaacha kugonga?

JIBU: Haitaacha. Springi zinainua chasisi na bodi. Ekseli inabebwa na tairi, kwa hiyo utapanda wewe na viti vyako, difu ibaki palepale ilipo. Kinachoinua difu ni kipenyo cha tairi, na unachopata ni nusu ya ongezeko la kipenyo hicho.

Kipenyo unakipata kwa kusoma ubavu wa tairi. 265 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni 265 × 0.70, yaani milimita 185.5. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu (16 × 25.4 = 406.4), unapata milimita 777. Ukienda 265/75R16 unapata 804, na difu inapanda milimita 13. Ukienda 285/75R16 unapata 834, na difu inapanda milimita 28.

Springi zina kazi nyingine. Zinaipa tairi kubwa nafasi ndani ya madigadi, zinaiepusha bampa na kingo za makorongo, na zinanusuru sehemu ya chini ya milango. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, halafu inua gari kwa kiasi ambacho tairi hiyo inadai, si zaidi. Kwa gari la safari za kawaida tungechukua 265/75R16 na springi za kuinua milimita 40. Kipima mwendo kikionyesha 100, utakuwa ukienda karibu 103, tofauti ndogo ambayo dereva anaizoea.

Usiipuuze 235/85R16. Kipenyo chake ni milimita 806, ila ni nyembamba kwa milimita 30. Haigusi vitu kirahisi usukani ukikatwa, na kwenye tope la juujuu inapenya hadi ardhi ngumu. Wengi hununua upana kwa ajili ya mchanga, lakini kwenye mchanga kinachokuokoa zaidi ni kupunguza upepo, kwa sababu alama ya tairi ardhini inarefuka kuliko inavyopanuka. Hakikisha tu kwamba upana wa rimu yako umo ndani ya kiwango alichoweka mtengenezaji wa tairi.

SWALI: Nimeshanunua 285/75R16 pamoja na rimu mpya zinazotokeza nje. Mbele gari lina torsheni baa, vyuma virefu vinavyojipinda na kufanya kazi ya springi. Fundi amezikaza mpaka gari likapanda sana, lakini nikikata usukani hadi mwisho tairi bado inasugua nyuma ya madigadi. Sasa gari linaruka kwenye kila shimo. Amesema atazikaza tena.

JIBU: Mzuie. Kukaza torsheni baa hakuifanyi springi kuwa ngumu wala ndefu, kunahamisha tu mahali inapokaa. Safari ya gurudumu kwenda chini imeliwa yote, ndiyo maana kila linapoingia shimoni mkono wa juu unapiga raba ya kizuio na gari linashtuka. Sivi jointi nazo, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, zimekunjwa kwa pembe kali muda wote, hata kwenye lami. Buti zake, yaani mipira inayozifunika, zitapasuka, mchanga uingie, na baada ya hapo utasikia mlio wa "tak-tak" kwenye kona.

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kabla na baada ya kila badiliko, gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Rudisha sehemu ya mbele hadi isizidi milimita 40 juu ya kimo cha kiwandani, kisha inua gari kwa jeki magurudumu yaning'inie. Gari linapoanza kupanda, mkono wa juu unapaswa kuwa na nafasi ya kushuka kabla ya kugusa raba yake. Ukikuta umeshaigusa gari likiwa chini, bado umezidisha.

Kinachosugua kinatokana zaidi na rimu zako. Namba ya ET inaonyesha kwa milimita jinsi rimu inavyokaa ndani au nje; ikipungua, gurudumu linatoka nje. Kama za awali zilikuwa na namba ET30 na mpya ni ET0 kwa upana uleule, kila gurudumu limetoka nje milimita 30. Usukani ukikatwa, tairi inachora duara kubwa zaidi, na ukingo wake wa nyuma unaifuata plastiki ya ndani ya madigadi na mguu wa bodi, pale bodi inapokalia chasisi. Kuinua hakuondoi hilo, kwa sababu gurudumu likibonyea juu barabarani linarudi palepale linapogusa. Beringi na bolijointi zinabeba mzigo zaidi, na usukani unavutwa na kila jiwe. Rudi kwenye rimu za awali au zenye ET iliyo karibu nazo, ila angalia tairi isiguse mkono wa juu au stabilaiza kwa ndani.

Kipimo cha kweli kinafanywa kabla ya kulipia tairi zote. Funga moja, paka chaki ubavuni na pembeni mwa meno, panda polepole kwenye ngazi ya mbao au jiwe imara mpaka springi ya upande huo ibonyee kabisa, kisha mtu akate usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Pale chaki ilipohamia ndipo panapogusa. Kama ni plastiki, inaweza kupashwa moto na kusukumwa nyuma. Kama ni mguu wa bodi, chagua tairi ndogo. Kuukata na kuuchomelea upya ni kazi ya chasisi, na haifai kufanywa kwa sababu tu ya milimita chache za tairi.

Jiandae pia kwa uzito wa mwendo. Tairi yako mpya ina kipenyo kikubwa kwa asilimia 7, kwa hiyo difu yenye uwiano wa gia wa 4.10 inafanya kazi kana kwamba ni 3.82. Gari litachelewa kuondoka, kwenye mlima utashusha gia mapema, na kipima mwendo kikisema 100 unakwenda 107.

SWALI: Baada ya kuinua milimita 50, ekseli nzima mbele na nyuma, gari linatangatanga barabarani, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na breki za nyuma zinaonekana dhaifu. Springi ni mbovu?

JIBU: Springi ni nzima, jiometria ndiyo imehama. Mikono inayoshika ekseli ya mbele imeelekea chini na kuizungusha ekseli kidogo, hivyo pembe ya kasta imepungua. Kasta ndiyo inayoyafanya magurudumu yanyooke yenyewe. Kwa milimita 50 ni kawaida kupoteza digrii 2 au zaidi. Funga bushi za kurekebisha kasta, zile zenye tundu lililohamishwa pembeni, au mabamba ya kurekebisha, kisha fanya alaimenti. Alaimenti bila bushi hizo haitakusaidia, kwa kuwa ekseli nzima haina boli ya kurekebishia kasta.

Angalia pia panadi rodi, fimbo inayoishika ekseli kwenye chasisi isihame kulia wala kushoto. Gari likipanda, rodi hiyo inaivuta ekseli upande mmoja. Ukipima kutoka tairi hadi chasisi kulia na kushoto ukakuta tofauti, unahitaji rodi ya kurekebishika.

Breki ni jambo la kushughulikia leo. Magari mengi ya aina hii yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Chasisi ikiwa karibu na ekseli, vali inajua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Wewe umeinua chasisi, vali inadhani gari ni tupu daima. Sogeza kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua. Wakati huohuo, ekseli ikining'inia, kagua mipira ya breki: ikiwa imevutika, weka mirefu au shusha vishikio vyake.

SWALI: Naweza kununua tairi mbili kubwa sasa na mbili mwakani?

JIBU: Hapana. Vipenyo vikitofautiana mbele na nyuma, gari linaloendesha magurudumu manne muda wote litaisaga difu ya kati, na lile ambalo dereva anachagua 4x4 mwenyewe litajifunga ukitumia 4x4 kwenye ardhi ngumu. Nunua tano, na upime kama spea inaingia mahali pake kabla muuzaji hajaondoa za zamani.

SWALI: Tairi zangu mpya zimeandikwa LT (tairi za magari ya mizigo midogo). Nifuate upepo ulioandikwa kwenye mlango?

JIBU: Kibandiko cha mlangoni kinahusu tairi za kiwandani. Tairi ya LT ina ubavu mnene, na ili ibebe mzigo uleule huhitaji upepo zaidi. Anza na psi 5 (psi ni kipimo cha upepo) juu ya kibandiko, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni. Pima ikiwa baridi, endesha saa moja kwa mwendo wa kawaida, pima tena. Ikipanda zaidi ya psi 6, ulianza na upepo mdogo, tairi inajikunja na kupata joto, ongeza. Ikipanda chini ya 4, punguza kidogo.

Kwenye mchanga shuka hadi 18, na ukikwama hadi 15, ukienda polepole bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.