Baketi la skidi stia Dodoma: anza na uzito, upana utafuata

Mchanga mkavu wa korongo una takriban kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo. Ukilowa unakaribia 2,000. Zikariri namba hizo kabla hujaulizia bei ya baketi la skidi stia, ile mashine ndogo ya kuzoa na kupakia ambayo wengi huiita Bobcat hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Soma kwenye kitabu cha mashine uzito inaoruhusiwa kubeba. Kwa mashine ya matairi, kiwango hicho ni nusu ya mzigo unaoifanya inyanyuke nyuma. Tuseme ni kilo 800. Baketi la mita za ujazo 0.4 likijaa mchanga mkavu ni kilo 640, huna shida. Mvua ikinyesha, mchanga uleule unafika 800, na ukirundika kichuguu juu yake umeshapitiliza. Hesabu na chuma chenyewe: baketi likiwa zito kuliko lile la kiwandani, tofauti inatoka kwenye mzigo wako. Ndiyo maana baketi la kufunguka katikati, ambalo kila mgeni hulitamani, mara nyingi halifai mashine ndogo.

Upana upite kingo za nje za matairi kwa sentimita chache. Likiwa jembamba, tairi litapanda kifusi ambacho hukukizoa na usawa utaharibika.

Swali la meno ndilo huwagharimu wengi. Kiangazi ardhi ya hapa hukauka ikawa kama tofali la kuchoma, na makali bapa yanateleza juu yake. Opereta akiona hivyo huanza kuliparamia tuta kwa kasi, na hapo pini na bushi ndizo zinazoumia. Kuchimba kunataka meno. Kusambaza moramu au kuzoa juu ya zege kunataka makali bapa, kwa sababu meno huacha mifereji. Kama fedha inatosha baketi moja tu, chukua la makali ya kufungwa kwa bolti, kisha tafuta ufito wa meno wa kuvalisha siku za kuchimba. Makali hayo yageuze mapema. Ukichelewa, kinacholika ni mdomo wa baketi, na hapo ni kuchomelea.

Mashine iliyotumika ikitoka nchi za baridi inaweza kuja na sukumio la theluji: sanduku pana lisilo na kitako, mbavu mbili pembeni, ukingo wa mpira chini. Usilipeleke kwenye moramu. Theluji mpya ina kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo, na upana ule umepangiwa mzigo huo. Kwenye mchanga matairi yatazunguka palepale. Lakini si chuma chakavu. Kwenye ghala la mahindi, tuseme Kibaigwa, ukingo wa mpira unasukuma nafaka bila kuchubua sakafu. Mahindi nayo yana kilo 700 hivi, kwa hiyo sukuma kidogo kidogo.

Kabla ya kulipa, pima bodi ya fuso utakayopakia, ulinganishe na kimo ambacho baketi linafika likiwa limeinamishwa kumwaga.

Ukishalifunga, shuka uangalie pini mbili za chini zinazoshikilia baketi kwenye mashine: lazima zitokeze kwenye matundu yake. Vumbi letu hugandamana humo na wenzo unaonekana umefunga kumbe bado. Safisha kwa upepo wa kompresa, funga tena, kisha gandamiza ncha ya baketi ardhini mpaka matairi ya mbele yanyanyuke kidogo. Likicheza, usiondoke.